TELA LAKO LISIANGALIE MBINGUNI: namna ya kupata kimo sahihi cha kuvutia kabla hujapakia mzigo wa wateja

Somo la leo ni la wale ambao biashara ya mtandaoni imeanza kuwatoa nje ya chumba: unapeleka mzigo mikoani, unakwenda kwenye maonesho, au umepata kitela kidogo cha kuvuta nyuma ya gari. Hata kama huna tela leo, hifadhi somo hili. Siku ukikodi la mtu litakusaidia.

Mimi nauza vyombo vya jikoni: glasi, sahani, bakuli, majagi. Wateja wangu wengi wananijua kwenye simu tu. Mwaka ule nikasema Nane Nane niende Dodoma, viwanja vya Nzuguni, wateja wa kule wachukue oda zao mkononi na mimi niuze na za ziada. Nilikuwa nimenunua karavani ndogo iliyotumika. Ni kile kijumba cha magurudumu mawili ambacho Wazungu hukivuta wakienda likizo, ndani kina kitanda na kijiko kidogo cha kupikia. Yangu asili yake Uingereza. Nikatoa kitanda, nikaweka rafu, ikawa duka linalotembea. Nilijiona nimemaliza.

Nilikuwa na oda 38 ambazo wateja walishalipia kwa simu. Nisisitize hapo: WALISHALIPIA. Ile si bidhaa yangu tena, ni amana ya watu.

KILICHOTOKEA

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anaendesha pikapu, mimi pembeni. Dar mpaka Morogoro tulikwenda vizuri, ila nilikuwa nahisi tela linacheza kidogo tukifika spidi ya 80. Mdogo wangu akasema, "Dada, ni upepo tu huo." Nikakubali, kwa sababu nilitaka kukubali.

Tulipokuwa kati ya Gairo na Kibaigwa, kwenye mteremko, basi likatupita kwa kasi. Ule upepo wa basi ukasukuma tela pembeni. Likarudi, likaenda upande wa pili zaidi, likarudi tena. Mkia wa pikapu ukaanza kufuata tela badala ya tela kufuata pikapu. Mdogo wangu akakanyaga breki kwa nguvu, na hilo likaharibu zaidi. Tela likatusukuma, tukaishia nje ya lami, kwenye majani. Mungu mkubwa, hatukupinduka na hakuna aliyeumia. Lakini nilipofungua mlango wa tela nilisikia sauti ya vigae vikimwagika. Oda 17 kati ya 38 zilikuwa zimevunjika.

Akasimama dereva mmoja wa lori, mzee wa makamo, kuja kutusaidia. Hakuangalia vyombo. Akasimama pembeni ya barabara, akaangalia gari na tela kwa upande, akatikisa kichwa: "Mama, tela lako linaangalia mbinguni."

Nikageuka kuangalia. Kweli kabisa. Pua ya tela ilikuwa juu, mkia umekaa chini, kama mtu aliyeketi kwenye kiti kilichovunjika miguu ya nyuma. Nilikuwa nimepita pembeni yake mara mia siku ile na sikuona.

MANENO MATATU KABLA HATUJAENDELEA

Tuelewane kwanza, ili ukienda kwa fundi mzungumze lugha moja.

Gololi: kile kichwa cha mviringo cha chuma nyuma ya gari.
Kikombe: ile sehemu ya tela inayofunika gololi na kujifunga.
Mkono wa tela: kile chuma kinachotoka mbele ya tela mpaka kwenye kikombe.

Kimo tunachozungumzia leo ni urefu kutoka ardhini mpaka juu ya gololi.

KWA NINI KIMO KINA MAANA HIVYO

Tela la ekseli moja ni kama bembea ya watoto. Magurudumu ni ile nguzo ya katikati. Mbele kuna uzito unaokandamiza gololi, nyuma kuna uzito unaotaka kuinua mkono wa tela. Tela likitulia barabarani, ni kwa sababu mbele kuna uzito wa kutosha unaokandamiza.

Sasa gololi ikiwa juu mno, pua inapanda na tela zima linalalia nyuma. Mzigo ulio juu ya rafu unasogea nyuma ya magurudumu, na uzito pale kwenye gololi unapungua. Mkono ukiwa mwepesi, upepo wowote unaupeperusha mkia. Huko ndiko kuyumba kunakoanzia. Juu ya hapo, mkia ukiwa chini unagonga matuta na kingo za barabara.

Na gololi ikiwa chini mno? Tela linainamisha pua. Kuinama kidogo hakuna shida, tena kuna faida. Ukizidisha, pua inakwaruza matuta, kigurudumu cha mbele cha kuegeshea kinagonga chini, na minyororo ya usalama inaburuzwa. Kama tela lako lina ekseli mbili, ile ya mbele inabebeshwa kuliko mwenzake, na tairi zake ndizo zitakazochoka mapema.

Kwa hiyo lengo ni hili: tela likae SAWA, au pua iwe chini kidogo tu, sentimita moja au mbili. Pua isiwe juu hata kidogo.

Niwe mkweli pia. Kimo peke yake hakikuniangusha. Rafu za glasi, ambazo ndizo nzito, nilizipanga nyuma ili nikifika Nzuguni nifungue mlango na wateja waone. Pua juu, mzigo nyuma. Vyote viwili vinafanya kazi moja ya kuuondolea mkono wa tela uzito. Vikikutana, safari hiyo ina tatizo kabla hata haijaanza.

HATUA ZA KUPIMA

Vifaa: futi ya fundi, pimamaji, mizani, kipande cha ubao mgumu, mawe mawili ya kuzuia magurudumu, karatasi na kalamu. Mizani yenyewe huenda unayo tayari, ile ya kupimia vifurushi vya wateja. Hakikisha tu inabeba kilo 100 na zaidi.

1. Tafuta sehemu tambarare. Uwanja wa saruji ni mzuri. Ukipima kwenye udongo wenye mabonde utapata majibu ya uongo.

2. Pakia tela KAMA UNAVYOSAFIRI. Jaza upepo wa tairi kiasi kinachotakiwa. Tela tupu na tela lenye mzigo havikai kimo kimoja, springi zinashuka.

3. Lipange sawa. Zuia magurudumu kwa mawe, lichomoe kwenye gari, halafu panda au shuka kwa kigurudumu cha mbele mpaka pimamaji ioneshe katikati. Pimamaji iweke kwenye fremu ya chuma ya chini. Usiiweke kwenye rafu uliyopigilia mwenyewe. Huna pimamaji? Pima kutoka ardhini mpaka kwenye fremu, mbele na nyuma. Vipimo vikilingana, liko sawa.

4. Pima kikombe. Kutoka ardhini mpaka dari la ndani ya kikombe, pale kichwa cha gololi kinapogusa. Andika. Hiki tukiite KIPIMO CHA TELA. Changu kilikuwa sentimita 43.

5. Pima uzito wa pua. Weka mizani chini ya kikombe, simamisha ubao juu yake, shusha kikombe taratibu kikalie ubao. Ubao uwe na urefu wa kufanya kikombe kibaki kwenye kile kimo ulichoandika. Ukipima pua ikiwa juu au chini, jibu litabadilika. Soma kilo.

6. Pakia gari. Mafuta, abiria, na mzigo utakaokuwa ndani ya gari siku hiyo. Halafu weka uzito unaolingana na ule wa pua palepale nyuma kwenye gololi. Mimi nilitumia mfuko wa saruji wa kilo 50 na kiroba cha unga cha kilo 10, nikavifunga kwa kamba visidondoke.

7. Pima gololi. Kutoka ardhini mpaka juu ya gololi, gari likiwa limeshuka kwa uzito huo. Hiki ni KIPIMO CHA GARI.

8. Toa. Kipimo cha gari kutoa kipimo cha tela. Jibu likiwa zaidi ya sifuri, gololi iko juu, ishushwe kwa sentimita hizo. Likiwa chini ya sifuri, gololi iko chini, ipandishwe.

MFANO WANGU MWENYEWE

Pikapu yangu ikiwa tupu, gololi ilikuwa sentimita 56 kutoka ardhini. Ikiwa imepakiwa na uzito wa pua umewekwa, ikashuka mpaka 53.

53 kutoa 43 ni 10. Gololi yangu ilikuwa juu kwa sentimita 10!

Ukiona sentimita 10 ni kitu kidogo, fikiria hivi. Kwenye karavani yangu, kutoka kikombe mpaka ekseli ni kama mita 3, na kutoka ekseli mpaka mwisho wa tela ni kama mita 2. Mbele ikipanda sentimita 10, nyuma inashuka karibu 7. Pua na mkia vinapishana sentimita 17. Mzee wa lori aliiona kwa macho tu, akiwa upande wa pili wa barabara.

Angalia pia kosa ambalo wengi hulifanya. Ningepima gari likiwa tupu, ningepata 13 badala ya 10, ningeshusha gololi kupita kiasi, na tela lingeinama mno. Pima vitu vikiwa na mzigo.

Kwa nini tofauti ilikuwa kubwa hivyo? Karavani za Ulaya zimetengenezwa kwa ajili ya magari madogo ya chini. Kule kanuni inataka katikati ya gololi iwe kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini, gari likiwa limepakiwa. Pikapu zetu za kupanda milima ziko juu zaidi. Ukinunua tela la Ulaya ukalifunga kwenye pikapu, tarajia tofauti.

UZITO WA PUA: KIASI GANI?

Marekani, kwa matela ya namna hii, hushauri pua ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Uingereza, kwa karavani zao nyepesi, hushauri asilimia 5 hadi 7. Lakini gari lako na kikombe chako pia vina kikomo chao. Mara nyingi kimeandikwa kwenye kibati karibu na gololi, kwenye mkono wa tela, au kwenye kitabu cha gari. Kikomo kidogo kuliko vyote ndicho unachofuata.

Karavani yangu na mzigo wote ilikuwa kilo 800 kwenye mizani ya magari. Nilipoipanga tena vilevile kama siku ya ajali na kupima pua, nilipata kilo 22. Haifiki hata asilimia 3. Nikahamisha rafu za glasi mbele kidogo ya ekseli, chini kabisa, na vitu vyepesi kama vikapu na mito ya viti vikaenda nyuma. Pua ikasoma kilo 64, asilimia 8. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba kama asilimia 60 ya mzigo ikae mbele ya ekseli, na kilicho kizito kikae chini.

KUREKEBISHA: NJIA SAHIHI NA NJIA ZA MKATO

Njia sahihi ni kununua chuma cha kushushia au kupandishia. Kuna aina ya bamba lenye matundu kadhaa, unafunga gololi kwenye tundu la kimo unachotaka. Kuna aina nyingine yenye umbo la ngazi inayochomekwa kwenye bomba la mraba nyuma ya gari. Ile ukiigeuza juu chini, ya kushusha inakuwa ya kupandisha. Vyovyote iwavyo, angalia kilo zilizogongwa kwenye chuma. Ziwe zaidi ya uzito wa tela lako likiwa limejaa.

Mimi nilichukua bamba, nikashusha sentimita 10. Gharama pamoja na fundi wa kufunga haikufika hata robo ya thamani ya vyombo vilivyovunjika.

Njia za mkato ambazo nakusihi uziache:

- Kukata chuma cha gari na kuchomelea kingine kienyeji. Ule mshono ndio utakaobeba tela lako na amana za watu. Fundi wangu wa kwanza alitaka kufanya hivyo. Nashukuru nilikosa hela siku ile.
- Kupanga washa nyingi chini ya gololi ili ipande. Nati inabaki na nyuzi chache za kushika.
- Kujaza mzigo mbele ili pua ishuke. Unaficha tatizo, na unazidisha uzito nyuma ya gari. Gari likikaa mkia chini, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani haushiki vizuri, na taa zako zinawapofusha wanaokuja.
- Kupunguza upepo wa tairi. Hili sina la kusema zaidi ya USIFANYE.

Ukubwa wa gololi nao uangalie. Za Ulaya ni milimita 50. Kuna za Kimarekani za inchi 2, ambayo ni karibu milimita 51. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini kikombe cha inchi 2 kwenye gololi ya milimita 50 kinacheza, na cha milimita 50 kwenye gololi ya inchi 2 kinakaza au hakijifungi sawasawa. Namba imegongwa juu ya gololi na kwenye kikombe. Soma zote mbili, zilingane.

BAADA YA KUFUNGA

Simama pembeni, hatua kumi, uangalie kama yule mzee. Kisha pima kutoka ardhini mpaka kwenye fremu, mbele na nyuma. Zilingane, au mbele iwe pungufu kwa sentimita moja au mbili.

Funga minyororo ikiwa imepishana kama herufi X chini ya mkono wa tela, ili kikombe kikiachia, mkono uangukie kwenye minyororo na si kwenye lami. Jaribu taa. Ukienda kama kilomita 50, simama ukague nati na kikombe tena.

Na ikitokea tela likaanza kuyumba: toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani uwe umenyooka, USIKANYAGE breki kwa pupa, wala usiongeze mwendo ukidhani utalivuta linyooke. Likitulia, toka barabarani ukapange mzigo upya. Sisi siku hizi hatuzidi 70 tukiwa na tela, na tunafika.

KAMA UNAUZA VIFAA VYA MAGARI MTANDAONI

Wapo wenzetu hapa wanaouza gololi na vyuma vya kuvutia. Mteja akiuliza "bei gani?", usikimbilie bei. Muulize kwanza: tela likiwa sawa, kikombe kina kimo gani? Gari likiwa na mzigo, gololi ina kimo gani? Tela likijaa lina kilo ngapi? Kikombe kimeandikwa milimita 50 au inchi 2? Mwambie akutumie picha ya gari na tela kwa upande. Dakika tano hizo zitakuokoa na kurudishiwa mzigo, na zinaweza kumwokoa yeye na familia yake.

WALE WATEJA 17

Najua mtauliza. Siku ileile jioni, nikiwa bado na vumbi, nilimpigia kila mmoja. Sikutuma ujumbe, nilipiga simu. Niliwaambia ukweli: mzigo wako umevunjika, kosa ni langu, chagua nikurudishie hela yako sasa hivi au nikuletee mwingine ndani ya wiki mbili. Watano walitaka hela, nikawarudishia usiku uleule kutoka kwenye mauzo ya mtaji wangu. Kumi na wawili walisubiri. Hao kumi na wawili bado wananunua kwangu mpaka leo, na mmoja wao ndiye aliyeniletea oda yangu kubwa kuliko zote, ya ukumbi wa harusi.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena Nzuguni. Tulipofika Gairo tuliegesha, mdogo wangu akashuka na futi mkononi bila kuambiwa. Akapima mbele, akapima nyuma. "Dada, liko sawa." Tukaendelea. Hakuna hata glasi moja iliyovunjika.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani wiki hii: kama una tela, toka nje sasa hivi, simama hatua kumi pembeni, ulitazame. Pua iko wapi? Andika hapo chini vipimo vyako viwili, cha tela na cha gari, tusaidiane kutoa hesabu. Na mtumie somo hili yule mwenzako unayejua anasafirisha mzigo kwa tela. Usingoje mzee wa lori amwambie.